Tunajua, Ila Ulimi Unagoma

Semina yangu ya kwanza hapa chuoni, mhadhiri aliniuliza swali ambalo jibu lake lilikuwa kwenye daftari langu. Nikasimama. Moyo ukaenda mbio, viganja vikalowa jasho, Kiingereza chote cha miaka sita ya sekondari kikayeyuka. Nikakaa. Tulipotoka nje nilimweleza rafiki yangu jibu lile lile kwa Kiswahili, tena kwa mifano.

Wanachuo wenzangu, hali hii ina jina: wasiwasi wa lugha ya kigeni. Mwaka 1986 watafiti watatu wa Marekani, Elaine Horwitz, Michael Horwitz na Joann Cope, walitoa dodoso la kauli 33 la kuupima. Waliuhusisha na mambo matatu: woga wa kuongea mbele za watu, woga wa mtihani, na woga wa kuonekana hufai.

Akili haiwezi kushika mambo mengi kwa mara moja. Ukiwa unatafuta neno, huku unajichunguza sarufi, huku unawaangalia wenzako kama wanacheka, sentensi inakatika njiani. Kwa hiyo aliyenyamaza si lazima awe hajui.

Kwetu woga huu una historia. Wengi tumesoma miaka saba kwa Kiswahili kwenye shule za msingi za serikali, halafu kidato cha kwanza masomo karibu yote yakageuka Kiingereza. Katika baadhi ya shule, ukikamatwa unaongea Kiswahili unavishwa kibao shingoni au unachapwa. Ukijaribu ung'eng'e ukachapia, darasa zima linacheka. Tukajifunza somo moja vizuri sana: ukinyamaza, hukosei.

Tatizo ni kwamba kuongea hujifunzwa kwa kuongea. Anayeogopa anakwepa, anayekwepa hapati mazoezi, na asiye na mazoezi anazidi kuogopa. Hata kazi za vikundi tunazifanya hivyo hivyo: prezentesheni anapewa yule aliyesoma inglish midiamu, kila wiki, kwa sababu tunataka maksi. Yeye anazidi kunoa, sisi tunazidi kushika projekta.

Tufanyeje? Tupokezane zamu, hata kwa dakika mbili mbili. Jaribu kwanza mbele ya wenzako wawili hosteli. Andika hoja, usiandike insha nzima ya kukariri. Ukisahau neno moja, insha yote inapotea. Ila sentensi ya kwanza ishike kichwani, maana pale ndipo woga unapobana zaidi.

Sisi wa ualimu tuna deni kubwa zaidi. Mtafiti Mary Budd Rowe aliona kwamba walimu wengi wakiuliza swali husubiri kama sekunde moja tu. Waliposubiri sekunde tatu au zaidi, majibu ya wanafunzi yalirefuka. Sekunde tatu hazina gharama, wala hazihitaji bajeti.

Nayasema haya kwa sababu mwaka jana, kwenye mazoezi ya kufundisha, binti mmoja wa kidato cha pili alichapia neno. Darasa likacheka, na mimi mwalimu wao nikatabasamu. Hakunyoosha mkono tena mpaka naondoka. Nilikuwa nimemfanyia kile kile nilichofanyiwa mimi.

Mwakani wengi wetu tutakuwa na madarasa yetu. Tuanze mazoezi hapa hapa semina: mwenzako akichapia, subiri amalize.