Mshale wa Mafuta si Shahidi

Wiki hii nataka tuzungumze juu ya ule mshale mdogo ulioko kwenye dashibodi ya gari, unaotembea kati ya herufi F na herufi E. Najua wengi wenu mnapanda daladala na mwendokasi, na mshale huo haujawahi kuwakosesha usingizi. Hata hivyo nawaomba mvumilie, kwa sababu kuna watu katika jiji hili la Dar es Salaam wanaoandikiwa barua za kujieleza, na wengine kufukuzwa kazi, kwa ushahidi wa mshale huo. Baadhi yao ni kaka zenu na majirani zenu.

Nazungumzia hasa yale magari makubwa tuliyoyabatiza jina la mashangingi, yaani Land Cruiser na jamaa zake. Aghalabu ni magari ya maofisi na ya miradi. Anayeliendesha siye mwenye nalo, na anayelimiliki au kulisimamia hashiki usukani. Mkubwa hukaa kiti cha nyuma, na akichungulia mbele huona kitu kimoja anachodhani anakielewa, nacho ni mshale wa mafuta. Kila EWURA inapotangaza bei kikomo mpya za mwezi, na bei ikiwa imepanda, kuchungulia huko huongezeka.

Dereva mmoja ninayemfahamu aliniletea daftari lake la safari. Gari lake ni Land Cruiser ya toleo la 200, la dizeli, injini ya lita 4.5, na tangi lake kubwa lina ujazo wa lita 93. Jumapili alijaza tangi mjini Morogoro, akamrudisha mkubwa wake Dar es Salaam, mwendo wa kilomita 190 hivi. Walipofika, mshale ulikuwa bado juu ya robo tatu. Jumatatu hadi Jumatano akazunguka naye mjini, kilomita 120 kwa jumla, na mshale ukaanguka chini ya nusu. Mkubwa akapiga hesabu kwa macho: kilomita 190 zimekula kidogo, kilomita 120 zimekula karibu nusu tangi. Sasa hayo mengine kanywa nani? Barua ikaandikwa.

Nilimwambia kabla hajaijibu arudi kituo cha mafuta, ajaze tangi kama alivyolijaza Morogoro, alete risiti. Pampu ilisoma lita 48.5. Kilomita zote zilikuwa 310. Gawanya, utapata kilomita 6.4 kwa kila lita. Daftari lilionyesha kwamba kwa miezi kadhaa safari za barabara kuu peke yake zilikuwa zinampa karibu kilomita 8 kwa lita, na wiki za mjini peke yake karibu kilomita 5. Basi zile kilomita 190 zilikula lita 24 hivi, na zile 120 zikala lita 24 na nusu. Safari zote mbili zilikula kiasi kile kile! Mshale ndio uliosema moja ilikuwa ndogo na nyingine kubwa. Barua ilijibiwa kwa ukurasa mmoja wa hesabu, na mhasibu wa ofisi akaukubali.

Je, mshale ulidanganyaje? Ndani ya tangi mna boya, mfano wa maboya ya wavuvi lakini dogo, lililoshikizwa kwenye mkono mwembamba wa chuma. Mafuta yakijaa boya hupanda, yakipungua hushuka. Mkono huo ukisogea husugua kipande kinachozuia umeme, mahali pengine kwa nguvu zaidi na mahali pengine kidogo, na kiasi cha umeme kinachopita ndicho kinachoamua mshale usimame wapi. Kwa hiyo mshale haupimi lita hata kidogo. Unachopima ni kimo cha boya moja, mahali pamoja, ndani ya tangi zima.

Kama tangi lingekuwa sanduku lililonyooka pande zote, kimo kingetosha. Lakini tangi la gari hutengenezwa likae katika nafasi iliyobaki chini ya bodi, baada ya chesisi, ekzosi, propela shafti na difu kuchukua sehemu zao. Huku limebonyea, kule limetokeza, na upana wake wa juu si ule wa chini. Waliowahi kuchota maji kwenye mtungi wataelewa upesi. Chota kata moja maji yakiwa shingoni, utaona yameshuka vidole kadhaa. Chota kata ile ile maji yakiwa tumboni, hutatambua tofauti. Kata ni ile ile, mtungi ni ule ule.

Tena kuna huku juu kabisa. Boya hufika mwisho wa njia yake kabla tangi halijajaa, na juu yake bado kuna nafasi inayoingia mafuta. Ndiyo maana gari lililojazwa sawasawa hutembea kilomita nyingi mshale ukiwa umeganda kwenye F, na dereva mgeni husema, kwa furaha, kwamba gari hili halili mafuta. Mshale ukishaanza kushuka hushuka kama unafidia muda uliolala. Chini nako watengenezaji huacha akiba, au rizevu kama madereva wasemavyo, ili mshale ufike E wakati bado zipo lita kadhaa. Wamefanya hivyo makusudi, kwa sababu wanajua binadamu ni mtu wa kusubiri mpaka mwisho.

Mteremko nao una lake. Mafuta hukimbilia upande ulioinama, na boya huyafuata au huachwa. Anayepanda Mlima Kitonga kwenda Iringa asishangae mshale ukisema hivi mlimani na vile tambarare. Magari ya siku hizi yana kompyuta inayochukua vipimo vingi na kuvisawazisha ili mshale usicheze ovyo kwenye mashimo, jambo jema, ila linaufanya mshale uwe mzito wa kusema habari mpya.

Halafu kuna suala la tangi la pili. Zile Land Cruiser ngumu za safari za porini, toleo la 78, nyingi zina matangi mawili ya lita 90 kila moja, na swichi ya kuchagua. Mshale huonyesha tangi lililochaguliwa tu. Ofisa asiyejua jambo hilo anaweza kuliacha gari limejaa asubuhi, akalikuta limekauka jioni, kumbe dereva amebonyeza swichi na lita 90 ziko pale pale. Katika yote niliyoyasikia, hili ndilo linaloniudhi zaidi, kwa kuwa swichi iko mbele ya macho ya kila mtu.

Sasa tuje kwenye ulaji wenyewe, maana hata lita zikipimwa kwa haki bado watu hushangaa kwa nini mjini gari linakula zaidi. Shangingi lina uzito wa zaidi ya tani mbili na nusu. Kuliondoa mahali liliposimama kunahitaji nguvu nyingi, na kila unapokanyaga breki nguvu hiyo inapotea kuwa joto la breki tu. Kwenye barabara kuu unaliondoa mara moja, ukatembea. Kutoka Kimara mpaka Posta unaliondoa mara mia. Na foleni ikisimama kabisa, injini inaunguruma, kiyoyozi kinavuma, mkubwa yuko kwenye simu, na gari kubwa kama hilo linaweza kula lita moja au zaidi kwa saa bila kusogea hata hatua. Kilomita sifuri. Hakuna daftari linaloandika foleni, na kwa maoni yangu hilo ni kosa la daftari.

Jambo hili si la Dar es Salaam peke yake. Huko Marekani, ambako magari hupimwa kabla hayajauzwa, Land Cruiser ya petroli ya mwaka 2016, injini ya lita 5.7, ilipewa maili 13 kwa galoni mjini na maili 18 kwa galoni barabara kuu. Kwa vipimo vyetu ni kama kilomita 5.5 kwa lita na kilomita 7.7 kwa lita. Gari ni hilo hilo, na hakuna dereva mwenye mpira wa kunyonyea mafuta pale maabara. Anayesoma takwimu za namna hiyo aangalie pia galoni ni ya nani: ya Marekani ni lita 3.8 hivi, ya Uingereza ni lita 4.5. Nimeona watu wakibishana jioni nzima kwa sababu ya galoni mbili tofauti.

Na barabara kuu nayo ina adhabu yake. Upinzani wa hewa hauongezeki sambamba na mwendo. Hukua kwa kipeo cha pili. Kutoka kilomita 90 kwa saa kwenda 120, upinzani huo huongezeka kwa zaidi ya robo tatu, na shangingi ni kabati linalosukumwa kwenye upepo. Mkubwa anayesema “kanyaga, tumechelewa” ndiye anayekunywa mafuta hayo.

Yapo pia matairi. Ofisi nyingi hupenda kuweka matairi makubwa kuliko yaliyokuja na gari. Ukitoa tairi la 265/65 la rimu 17 ukaweka la 285/70, mzunguko wake ni mrefu zaidi kwa asilimia 7. Mita ya kilomita haijui. Itaandika kilomita 100 wakati gari limetembea 107, na kwenye karatasi gari litaonekana limeanza kula mafuta siku ile ile tairi zilipobadilishwa. Dereva huyo ataitwa ofisini.

Hata hivyo sitaki mtu adhani nimekuja kuwatetea madereva wote. Wizi wa mafuta upo, na kila aliyepita pembezoni mwa barabara zetu ameona madumu yanayouzwa bei nafuu kuliko sheli. Lakini tazama jambo hili: anayetaka kunyonya lita tano atazinyonya lini? Atazinyonya tangi likiwa limejaa, wakati mshale umeganda kwenye F na hautashuka. Asubuhi mkubwa atachungulia, atauona uko juu, ataridhika. Mshale huo huo unaomtia hatiani asiye na kosa ndio unaomsitiri mwizi. Ofisi inayolinda mafuta yake kwa kuangalia mshale imemwachia mlango mtu yule yule inayemtafuta.

Kinachowatenganisha ni kujaza hadi kujaza. Jaza tangi mpaka pampu ijikate yenyewe, andika kilomita. Tembea. Jaza tena mpaka pampu ijikate, ikiwezekana kituo kile kile na gari likiwa limesimama mahali tambarare, andika kilomita na lita zilizoingia. Gawanya kilomita kwa lita. Usiongeze baada ya pampu kujikata, maana hapo ndipo makosa huingia. Mara moja haitoshi, kwa kuwa pampu inaweza kujikata mapema au kuchelewa kwa lita moja au mbili. Fanya mara tatu au nne, na tenganisha safari za mjini na za mbali. Lita tano zilizonyonywa usiku mshale hautazisema, lakini pampu itazisema siku ya kujaza, kwa sababu lazima zirudishwe. Na kama wastani wa gari moja, njia moja, unabadilika kila linapobadili dereva, hapo una la kuuliza.

Wenye subira wanaweza kufanya zaidi. Tangi likikaribia akiba, tia lita kumi, subiri kidogo, washa, andika mshale uko wapi. Tia kumi nyingine, andika. Endelea mpaka lijae. Utapata karatasi moja inayokwambia mshale wa gari lako unamaanisha nini, nayo itafaa kubandikwa nyuma ya kioo cha jua. Mimi ningetaka kila ofisi yenye magari iwe nayo.

Kuna msikilizaji aliyeandika akilalamika kwamba tangi lake ni la lita 93 kwa mujibu wa kitabu, lakini pampu ilisoma lita 96, kwa hiyo ameibiwa. Si lazima. Ujazo wa kitabuni hauhesabu shingo ya kuingizia mafuta wala nafasi iliyoachwa juu kwa ajili ya mafuta kutanuka, na anayejaza mpaka ayaone kwa macho anazijaza zote mbili. Dumu la lita 20 nalo likijazwa mpaka mdomoni huchukua zaidi ya 20. Mwenye wasiwasi na pampu aangalie stika ya Wakala wa Vipimo, na akiona shaka apeleke malalamiko kwao, ambao wana vyombo vilivyohakikiwa vya kupimia.

Mwingine aliuliza kama ni kweli kujaza alfajiri kunampa mtu mafuta mengi kwa kuwa yamepoa. Petroli hutanuka kwa kiasi cha asilimia moja kwa kila nyuzi 10 za joto, hilo ni kweli. Lakini mafuta ya kituo yamehifadhiwa kwenye tangi lililofukiwa ardhini, ambako joto la alfajiri na la mchana halitofautiani sana. Faida yake ni ndogo kiasi kwamba pampu yenyewe haitaionyesha.