Fimbo ya Skii: Kabla ya Kupima Urefu, Uliza Itafanya Kazi Gani

Mtu mwenye kimo cha sentimita 170 akiingia katika duka la vifaa vya theluji na kuuliza fimbo ya skii inayomfaa, anaweza kupewa majibu matatu, na yote matatu yakawa sahihi: 120, 141 au 153. Kati ya jibu la kwanza na la mwisho pana tofauti inayozidi futi moja. Mwili ni ule ule na mikono ni ile ile. Kinachobadilika ni kazi ya fimbo, na hilo ndilo swali ambalo wengi huliruka, wakakimbilia jedwali la vimo lililobandikwa ukutani.

Jedwali hilo si la uongo. Limeandikwa kwa ajili ya skii ya mteremko, yaani ile ya kupandishwa mlimani kwa lifti na kushuka kwa kujipinda huku na huku. Kanuni yake ni fupi: chukua kimo chako, zidisha kwa 0.7. Wa 170 anapata 119, na kwa kuwa fimbo hizi kwa kawaida huuzwa kwa kupishana sentimita tano, anapewa ya 120. Wa 180 anapata 126, anaondoka na ya 125. Wafanyakazi wazoefu wa maduka ya kukodisha hata hawapigi hesabu. Wanakutazama mara moja, wanakukabidhi jozi, wanamwita anayefuata kwenye foleni.

Hiyo 0.7 imetokana na kiwiko. Kiwiko cha mtu aliyesimama wima huwa kwenye takriban asilimia 63 ya kimo chake. Ongeza kipande cha ncha kinachozama ndani ya theluji, ongeza namna buti na skii zinavyomwinua mtu kutoka ardhini, na ongeza sehemu ya mpini inayobaki juu ya ngumi; unafika karibu na asilimia 70. Kinachotafutwa ni kwamba ncha ikigusa theluji, mkono uwe mbele ya mwili na kiwiko kikunjwe kwa pembe mraba au karibu na hapo.

Kwa nini pembe hiyo? Kwa sababu kwenye mteremko fimbo haibebi uzito wala haisukumi, isipokuwa unapojikokota kwenye foleni ya lifti. Kazi yake ni kutoa ishara. Mchezaji anapotaka kuanza kona mpya, anagusa theluji kwa ncha upande wa bondeni, mbele kidogo ya buti, na mguso huo unaufuatisha mwili mzima: kifua kinabaki kikitazama bondeni, uzito unahama kutoka skii moja kwenda nyingine, kona inaanza. Ni jambo la nusu sekunde, na fimbo isiyolingana na mkono inaliharibu lote.

Iliyo ndefu mno humlazimisha mtu kuinua mkono hadi kifuani au begani ili ncha ipite. Bega linarudi nyuma, nyonga zinafuata, na uzito unaangukia visigino, mahali pabaya kuliko pote kwa mtu anayeshuka, maana skii huongozwa na sehemu ya mbele. Iliyo fupi mno humfanya ainame kutoka kiunoni ili aifikie theluji, makalio yakabaki nyuma. Matokeo yanakaribiana kwa njia mbili tofauti, na ndiyo maana mwalimu anayemwona mwanafunzi amekaa nyuma hupaswa kutazama fimbo zake kabla ya kumlaumu magoti. Hata hivyo, kati ya makosa mawili hayo mimi ningechagua lile la fimbo fupi. Fupi inasumbua, ndefu inafundisha tabia ambayo huchukua misimu kuiondoa. Hivyo ukijikuta katikati ya saizi mbili kwenye skii ya mteremko, shika ndogo.

Kuna kipimo kilicho bora kuliko hesabu. Pindua fimbo, mpini ugote sakafuni, kisha ishike chini ya kile kisahani cha plastiki kilicho karibu na ncha. Ngumi iguse kisahani kwa chini, mkono ukiwa mbele yako, na utazame kiwiko. Kikiwa kwenye pembe mraba, umepata. Kisahani kinachukuliwa kuwa ndicho usawa wa theluji, kwa hiyo kipande kinachozama tayari kimeondolewa kwenye hesabu. Faida nyingine ni kwamba njia hii inapima kiwiko chenyewe, siyo utosi. Watu wawili wenye kimo sawa, mmoja mwenye miguu mirefu na mwingine mwenye kiwiliwili kirefu, jedwali linawapa fimbo ileile; kiwiko kinaweza kukataa.

Pima ukiwa umevaa buti za skii ikiwezekana, kwa sababu viatu vya mtaani vitakupa jibu fupi kidogo. Kwenye mashindano kanuni za FIS, shirikisho la kimataifa la skii, zinaruhusu hadi milimita 50 kutoka theluji hadi soli ya buti, na milimita 43 nyingine za unene wa buti lenyewe, kwa hiyo unyayo wa mshindani unaweza kuelea zaidi ya sentimita tisa juu ya theluji. Ila usisahau kwamba dukani umesimama wima kama mlinzi, na mlimani utakuwa umekunja vifundo na magoti. Buti inakupandisha, magoti yanakushusha. Kwa mchezaji wa kawaida mambo hayo mawili karibu yanafutana, na hiyo ndiyo sababu kipimo cha dukani, pamoja na kasoro zake, kimedumu.

Anayekwenda kuonja mchezo huu katika ukumbi wa Ski Dubai, uliofunguliwa mwaka 2005, au kule Afriski katika milima ya Lesotho, hana haja ya kwenda mbali zaidi ya hapa. Akipindua fimbo na kutazama kiwiko, yuko sawa.

Sasa twende kwenye theluji tambarare, ambako hesabu yote inapinduka. Wasomaji wengi wanamkumbuka Philip Boit, mkimbiaji wa Kenya aliyepelekwa Finland kujifunza skii na kushiriki Olimpiki ya Nagano mwaka 1998 katika kilomita 10 za mtindo wa klasiki. Alimaliza wa mwisho, na bingwa wa siku hiyo, Bjørn Dæhlie wa Norway, akamsubiri kwenye mstari wa kumalizia ili amkumbatie. Miaka 20 baadaye Sabrina Simader, mzaliwa wa Kenya aliyekulia Austria, alishindana katika Super-G kwenye Olimpiki ya Pyeongchang. Wote wawili walipeperusha bendera ileile, lakini mchezo wa Simader ni wa mteremko, ambako washindani wa Super-G hubeba fimbo zilizopindwa zifuate umbo la mwili wanapojikunyata kukwepa upepo. Wa Boit ni skii ya masafa, na huko fimbo ni injini.

Fikiria pondo la mvuvi kwenye maji machache. Mtumbwi haupati mwendo kwa pondo kugusa chini tu. Mvuvi analikita, analiegemea kwa mwili, analisukuma mpaka mkono unapita nyuma ya nyonga. Mcheza skii wa masafa anafanya vivyo hivyo, mara maelfu katika mbio moja. Fimbo yake inahitaji urefu wa kutosha ili msukumo udumu, na ili mwili uwe na mahali pa kuangukia.

Katika klasiki, skii mbili hukaa sambamba ndani ya mifereji iliyochongwa kwenye theluji, na mikono inapishana na miguu kama mtu anavyotembea. Hapa fimbo hufika kwapani au mwanzo wa bega, yaani takriban asilimia 83 ya kimo. Ikizidi sana, ncha hutua mbele ya mguu ikiwa imelalia upande usiofaa, na badala ya kusukuma inapiga breki. Lakini kuna namna ya pili ndani ya mtindo huohuo: kukita fimbo zote mbili kwa pamoja na kujikunja juu yake, miguu ikitulia. Kwa namna hiyo, fimbo ndefu ni mali. Mikono inaanzia juu zaidi, kifua na tumbo vinaangukia mpini kwa uzito mkubwa zaidi, na ncha inakaa ardhini kwa muda mrefu zaidi hata kasi ikiwa kubwa.

Wanamichezo waligundua hilo, wakalifuata hadi mwisho wake. Katika miaka ya 2010, kwenye mbio ndefu kama Vasaloppet ya Sweden, kilomita 90 kutoka Sälen hadi Mora, walio mbele walianza kuacha kabisa nta ya kushika, ile inayopakwa chini ya skii ili zisirudi nyuma mtu anapopiga hatua kupanda kilima. Bila nta hiyo skii huteleza kwa urahisi zaidi, lakini huwezi tena kupanda kwa hatua. Unapanda kwa mabega na tumbo. Kwa watu waliofanya mazoezi ya kutosha, biashara hiyo ililipa. Hatua ya klasiki iliyotumika vizazi kwa vizazi ikaanza kutoweka mbele ya macho ya majaji.

FIS walijibu kwa njia mbili. Waliweka alama kwenye baadhi ya vilima ambako kusukuma kwa fimbo mbili ni marufuku, na kuanzia msimu wa 2016/17 wakaweka ukomo: katika mashindano ya klasiki fimbo isizidi asilimia 83 ya kimo cha mchezaji. Kimo hupimwa akiwa na buti za skii, na fimbo hupimwa kuanzia ncha hadi mahali ukanda wa mkono unapotokea kwenye mpini. Binafsi naona ukomo huo ulikuwa wa haki, ingawa wapo wanaolalamika kwamba unazuia maendeleo. Kwa mtu asiyeshindana hauna nguvu ya sheria, lakini unabaki kuwa kipimo kizuri cha kuanzia.

Jibu la tatu, lile la 153, ni la mtindo huru, ambamo mchezaji husukuma skii kwa upande kama anayeteleza kwenye barafu. Mfini Pauli Siitonen alisifika kwa kutumia namna yake ya awali katika miaka ya 1970, na Mmarekani Bill Koch akaipa umaarufu aliposhinda Kombe la Dunia mwaka 1982. Kasi ni kubwa zaidi na mikono huanzia juu, kwa hiyo fimbo hufika kati ya kidevu na midomo, karibu asilimia 90 ya kimo. Anayetaka jozi moja kwa mitindo yote miwili atapata ya katikati isiyoridhisha popote. Heri anunue ya klasiki kwanza.

Wapo wanaokwenda kinyume cha hesabu hizi kwa makusudi. Wanaoruka na kuzunguka hewani hupunguza sentimita tano, kumi au zaidi, kwa sababu fimbo ndefu hunasa. Wanaopanda milima kwa miguu yao kabla ya kushuka huchukua fimbo za kurefushwa na kufupishwa, zikiwa na visahani vipana vya theluji laini. Na watoto wadogo wanaoanza, walimu wengi hawawapi fimbo kabisa, ili wajifunze kusimama juu ya miguu badala ya kuegemea.

Unaponunua fimbo za masafa, muulize muuzaji namba iliyoandikwa imepimwa vipi, maana baadhi ya watengenezaji hupima hadi juu kabisa ya mpini na wengine hadi kwenye ukanda. Ukanda wenyewe ni muhimu kwenye masafa, kwa kuwa ndio unaopokea nguvu ya msukumo, lakini kwenye mteremko una hatari yake: anayeanguka fimbo ikiwa kiganjani anaweza kuchanika kano ya shina la dole gumba, jeraha ambalo madaktari wa milimani wanalifahamu vizuri. Kati ya miti uvue kabisa.

Na kama umeshanunua fimbo ndefu, usiitupe. Nyingi zinakatika. Kwenye zile za masafa, mpini hutumbukizwa katika maji ya moto mpaka gundi ilainike, unavutwa, kijiti kinakatwa juu kwa msumeno wa meno madogo, kisha mpini unarudishwa kwa gundi mpya. Kata sentimita moja, jaribu siku nzima, halafu ndipo uamue kama utakata nyingine.