Themostati si kitu cha kutupa

Barabara kuu itokayo Segera kwenda Same, ikishaiacha Mombo, huambaa chini ya ukuta wa milima ya Usambara, na Mkumbara iko hapo, kati ya joto la nyika na mlima. Ukali wa mlima ule si wa kusimuliwa tu. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani waliotaka mbao za Shume zifike stesheni ya reli ya Mkumbara walizishusha kwa kamba za chuma zilizotandazwa angani. Leo mwenye Corolla, Premio au Allion ya mtumba huipanda milima hiyohiyo kwa kutokea Mombo: kilomita 33 hivi hadi Lushoto, na kimo cha takriban mita 1,000 zaidi ya alikoanzia. Huko ndiko gari huchemsha, na likichemsha husemwa limezeeka. Sikubaliani na hukumu hiyo. Mara nyingi umri hauna kosa. Mfumo wa kupoza injini ulikwisha kuharibiwa gereji zamani, na aliyeuharibu alidhani anasaidia.

Kinachoondolewa ni themostati, kidude kinachoenea kiganjani, chenye springi na kitumba kilichojaa nta. Nta ikipata joto hutanuka na kusukuma mlango, na kwa Toyota nyingi mlango huo huanza kufunguka maji yakifika nyuzi 82 hivi. Gari likichemsha, fundi hukitoa na kukitupa, na maelezo yake yanaingia akilini kirahisi: kitu hiki kiliwekwa kwa ajili ya baridi ya Japani, nasi hatuna theluji, basi maji yaachwe yapite. Lakini injini haijui kama iko Tokyo au Mkumbara. Inachojua ni joto lake yenyewe. Ikikaa chini ya joto inalopaswa kufanyia kazi, kompyuta huongeza petroli ikidhani gari bado halijapata moto, na vyuma husagana kabla oili haijafikia hali yake nzuri. Tena, themostati ya injini kama 1NZ-FE, iliyomo katika Premio na Allion nyingi za sisi 1500, ina kazi ya pili isiyosemwa sana. Inapofungua njia ya rejeta, huziba njia fupi inayorudisha maji ya moto moja kwa moja ndani ya injini. Ukiitoa, njia fupi inabaki wazi, na sehemu ya maji hayo huzunguka bila kupita kwenye rejeta. Kwa hiyo dawa iliyotolewa ili gari lisichemshe inaweza kulichemsha mlimani.

Wako watakaosema kwamba magari mengi yanatembea bila themostati mwaka hadi mwaka. Ni kweli, na barabara ya tambarare hadi Korogwe huyasitiri. Pia ni kweli kwamba themostati huweza kufa ikiwa imefunga, na hapo ni yenyewe inayochemsha injini. Fundi aliyeitoa njiani ili mtu afike nyumbani hakukosea. Kosa ni kuishia hapo. Kuipima hakuhitaji kompyuta: itumbukize katika sufuria ya maji jikoni na uiangalie. Nzima hufungua mdomo wake taratibu kabla maji hayajatokota, na ukiitoa ikapoa, hujifunga tena. Isiyofungua imekufa, nunua nyingine.

Suala la pili ni maji. Kulanti ina bei na maji ya kisima ni bure, kwa hiyo wengi hujaza ya kisima. Maji hayo huja na madini yanayoganda katika mishipa myembamba ya rejeta, na hayana dawa ya kuzuia kutu, nayo kutu hula pampu ya maji. Mfumo wa gari la ukubwa huu huchukua lita tano tu hivi. Kulanti, themostati na kifuniko kipya cha rejeta ni gharama ya makumi ya maelfu ya shilingi. Injini ikishachemsha, hedi yake ya aluminiamu hupinda, gasketi hukatika, maji huingia kwenye oili; sasa unalipia gasketi, kusawazisha hedi kwenye mashine na siku za fundi, na hesabu imefika mamia ya maelfu. Ukiendelea kuendesha hivyo, utatafuta injini ya mtumba kwa zaidi ya milioni moja, nayo hujui ilikotoka ilitunzwaje. Giaboksi ya otomatiki nayo haisalimiki, kwa kuwa katika magari mengi haya oili yake hupozwa kwa kupitishwa ndani ya rejeta hiyohiyo.

Wengine hutaka tufanye kama Kenya, inayokataa kuingiza magari yaliyozidi miaka 8. Sisi tunayaruhusu na kuyatoza ushuru wa uchakavu. Mjadala huo ni halali, lakini hauligusi tatizo hili: gari la miaka sita lililotolewa themostati na kujazwa maji ya kisima litachemsha kabla ya lile la miaka kumi na tano lililotunzwa.

Basi wewe unayetaka kununua gari la mkononi, nenda kuliangalia asubuhi, kabla mwenyewe hajaliwasha. Fungua kifuniko cha rejeta likiwa baridi. Ukikuta maji yenye rangi safi ya kulanti, endelea kuzungumza bei. Ukikuta maji ya kahawia yenye kutu, au chini ya kifuniko cha oili pana utando kama chai ya maziwa, usilipe.