Kurusha Video Kutoka Kwenye Simu Hadi Kwenye Televisheni: Jua Kinachopita Kabla Hujabonyeza



Ilikuwa baada ya swala ya Isha, nyumbani kwa jamaa yetu mmoja. Wazee wamekaa kwenye makochi, watoto mkekani, kina mama wako chumba cha pili na mlango umeachwa wazi ili nao wasikie. Kijana wa nyumba akaomba simu ya baba yake, akafungua darsa, akairusha kwenye televisheni ili watu wote waone. Haikupita robo saa, juu ya uso wa sheikh ikateremka arifa ya ujumbe: mtu anakumbushia deni lake, kiasi kimetajwa, na muda umetajwa kuwa umeshapita. Arifa ikakaa sekunde chache ikapotea. Hakuna aliyesema neno, lakini kila ajuaye kusoma alikuwa ameshasoma.

Kijana yule hakukusudia kumvunjia baba yake sitara. Alichokosa ni kujua kwamba simu ina njia mbili za kupeleka video kwenye televisheni bila waya. Kwa macho zinafanana, mpaka alama zake zinakaribiana kwa sura, lakini kinachopita ndani yake ni vitu viwili tofauti kabisa. Wengi wetu tunabonyeza ile inayotangulia kuonekana, na ikifanya kazi tunashukuru na kuendelea. Basi tuzieleze, kwani tofauti hiyo ndiyo inayoamua siri zako zikae wapi, bando lako liishe lini, na kwa nini picha inakatakata.

Njia ya kwanza ni kuakisi skrini. Hapa simu inapiga picha ya kioo chake chenyewe mara nyingi kwa kila sekunde, inazibana picha hizo zipungue uzito, kisha inazituma kwa mawimbi hadi kwenye televisheni, nayo inazifungua na kuzionyesha. Televisheni haijui kwamba unatazama darsa. Haijui chochote. Inapokea picha ya kioo cha simu tu, kama vile umeisimamisha simu mbele ya watu wote. Kwa hiyo kila kitakachotokea kwenye kioo kitatokea ukutani: ujumbe, jina na picha ya anayepiga, salio la pesa ukifungua huduma ya pesa kwa simu, na picha za familia ukiteleza kidole ukaingia mahali usipokusudia. Simu nyingine mpya huficha arifa zenyewe wakati wa kuakisi, lakini usitegemee hilo kama hujalijaribu kwenye simu yako.

Mfumo unaotumika sana kwa kazi hii kwenye simu za Android unaitwa Miracast, uliotolewa mwaka 2012 na Wi-Fi Alliance, umoja wa makampuni unaosimamia viwango vya waifai. Samsung wanauita Smart View, na watengenezaji wengine wameupa majina yao. Uzuri wake ni kwamba simu na televisheni huunganika zenyewe kwa zenyewe, bila kupitia ruta na bila kuhitaji intaneti hata kidogo. Google waliuondoa kwenye Android yao wenyewe mwaka 2015, lakini watengenezaji wengi waliendelea kuuweka, na ndiyo maana mwenye simu ya Pixel anaweza kuutafuta mchana kutwa asiupate, ilhali jirani yake mwenye Samsung anao.

Njia ya pili ni kuielekeza televisheni. Hapa simu haitumi picha. Inaiambia televisheni: video iko mahali fulani kwenye intaneti, nenda ukaichukue. Ni kama tofauti ya kumbebea mgeni chakula kutoka hotelini na kumwonyesha hoteli ilipo akaenda kula mwenyewe. Televisheni ikishapata anwani, inaivuta video moja kwa moja kutoka intaneti, na simu inabaki kuwa rimoti ya kusimamisha, kusogeza mbele na kupunguza sauti. Unaweza kupokea simu ukatoka nje, unaweza kusoma ujumbe wako, hata kioo kikizimika darsa inaendelea. Arifa zako hazina njia ya kupita kwa sababu kioo chako hakijatumwa popote.

Njia hii ilienea baada ya Google kutoa kifaa cha Chromecast mwezi Julai 2013 kwa dola 35, kidude kidogo cha kuchomeka nyuma ya televisheni. Siku hizi televisheni nyingi zinakuja na uwezo huo ndani yake. Upande wa Apple kuna AirPlay, iliyoitwa hivyo tangu mwaka 2010, na tangu 2019 imeingizwa pia kwenye televisheni za makampuni kama Samsung na LG.

Utazitofautisha vipi? Alama ikiwa ndani ya programu yenyewe, pembeni ya video ya YouTube kwa mfano, mara nyingi hiyo ni njia ya pili. Ni kisanduku chenye mawimbi madogo kwenye pembe ya chini kushoto. Ukiipata alama kwa kuvuta pazia la juu la simu, pale palipo na tochi na data, mara nyingi hiyo ni kuakisi. Kwenye iPhone ya kuakisi ni visanduku viwili vilivyolaliana. Lakini makampuni yamezichanganya alama hizi kiasi kwamba mimi mwenyewe siziamini tena. Ninachoamini ni jaribio moja: ukishaunganisha, kabla watu hawajakaa, bonyeza kitufe cha kurudi ukurasa wa mwanzo wa simu. Televisheni ikikuonyesha programu zako zimejipanga, unaakisi. Darsa ikiendelea kama kawaida, umeielekeza. Jaribio hili halichukui hata sekunde tano.

Na ikiwa huna budi kuakisi, washa kwanza hali ya kutosumbuliwa na uangalie kwamba inazuia arifa zisionekane, maana kwenye simu nyingine inazuia mlio peke yake. Bora zaidi, tumia simu isiyo na mawasiliano ya mtu. Simu ya zamani iliyolala kabatini, yenye kioo kizima na isiyo na laini, inatosha kabisa.

Suala la bando

Hapa ndipo malalamiko yanapokuwa mengi. Mtu anasema: nikitazama kwenye simu bando la wiki linanifikisha, nikirusha kwenye televisheni linaisha usiku mmoja, je kurusha kunakula data mara mbili? Hapana. Ukiielekeza televisheni, video inashuka mara moja tu, lakini inashuka kwa ajili ya kioo kikubwa. Kwenye simu programu ilikuwa inakupa ubora wa wastani, na hukuona tofauti kwa sababu kioo ni kidogo. Televisheni ikikuta mtandao una nguvu inachagua ubora wa juu bila kukuuliza. Netflix wenyewe wanaeleza kwamba saa moja ya ubora wa kawaida inaweza kufika GB 1, ubora wa juu hadi GB 3, na ule wa juu zaidi wa 4K hadi GB 7. Huduma nyingine zina hesabu zao, ila kuongezeka kwake kuko namna hiyo hiyo.

Dawa yake ni kushusha ubora kwenye televisheni yenyewe video ikiwa inacheza, kwa kufungua mipangilio na kuchagua 480 au hata 360. Sheikh aliyekaa kitini anazungumza hahitaji 4K. Sauti ndiyo yenye faida, nayo haibadiliki kwa kiasi cha kukunyima ufahamu.

Na wenye bando dogo wana njia nyingine ambayo watu wameisahau. Pakua darsa mara moja, mahali penye waifai au usiku wakati wa bando la bei nafuu, kisha ukifika nyumbani iakisi kwa Miracast. Kwa kuwa Miracast haipiti kwenye intaneti, hata ukirudia darsa hiyo mara kumi hutumii data yoyote. Utakuta kwamba njia ya kuakisi, tuliyoitahadharisha hapo juu kwa ajili ya sitara, ndiyo yenye nafuu kwa mfuko.

Wengine wanagawa intaneti kwa hotspoti ya simu ile ile wanayotaka kurushia, kisha wanashangaa simu haiioni televisheni. Kwenye simu nyingi inayogawa mtandao haihesabiwi kuwa mmoja wa waliounganishwa, kwa hiyo haisikii televisheni inapojitangaza. Gawa kwa simu moja, rusha kwa nyingine. Au tumia nambari ya kuunganisha: fungua YouTube kwenye televisheni, ingia kwenye mipangilio, utapewa nambari ya kuandika kwenye YouTube ya simu. Hapo hata simu ikiwa kwenye mtandao mwingine kabisa zitaelewana.

Kukatakata kwa picha nako mara nyingi si kosa la kampuni ya simu. Waifai ya GHz 5 ina kasi lakini haipendi kuta, na ile ya GHz 2.4 inapenya zaidi lakini imejaa vifaa vya majirani. Aliyekaa nyumba ya mawe ya Mji Mkongwe au Lamu, yenye kuta nene kama zile, aiweke ruta chumba kimoja na televisheni, ama sivyo asilaumu mtu.

Mlango usio na hodi

Mwanzoni mwa Januari 2019 maelfu ya watu katika nchi mbalimbali waliona televisheni zao zikianza kucheza video ambayo hawakuifungua. Wadukuzi walikuwa wamegundua kwamba ruta nyingi zimeacha wazi mlango unaoruhusu mtu aliye nje, kupitia intaneti, kuzungumza na Chromecast ya ndani. Walichorusha kilikuwa onyo pamoja na tangazo la mtengeneza video mmoja wa YouTube. Lau wangetaka kurusha uchafu mbele ya watoto wa watu, wasingezuiwa na kitu. Mlango huo unaitwa UPnP, na unaweza kuzimwa ndani ya mipangilio ya ruta.

Lakini kwa hali zetu hatari iliyo karibu zaidi ni jirani uliyempa neno la siri la waifai mwaka juzi. Vifaa vya namna hii viliundwa kwa kudhani kwamba aliye ndani ya mtandao wako ni mtu wa nyumbani. Kwa hiyo kijana wa ghorofa ya juu anaweza kuikatiza darsa yako akaweka mpira, kwa makusudi au kwa kubonyeza jina la televisheni asilolijua, na simu za Android zilizo kwenye mtandao huo zinaweza kuonyesha kichwa cha unachokitazama pamoja na kitufe cha kukizima. Nyumba tunabisha hodi. Televisheni nayo iwekee hodi yake: ingia kwenye mipangilio, tafuta sehemu ya vifaa vinavyoruhusiwa kuunganishwa, na uchague kila kifaa kipya kiulizwe au kiandike nambari. Kisha badilisha neno la siri la waifai. Ukitaka kuendelea kumsaidia jirani, na ni jambo jema, ruta nyingi zina mtandao wa wageni ambao unampa intaneti bila kumwonyesha televisheni yako.

Baadhi ya misikiti imeanza kurusha picha ya mimbari kwenye televisheni ya upande wa kina mama, na wengine hufanya hivyo kupitia matangazo ya moja kwa moja ya YouTube. Tunawanasihi wasifanye hivyo kwa jambo linalohitaji kwenda na wakati. Matangazo hayo yanasafiri hadi kwenye kompyuta za mbali na kurudi, na huchelewa kuanzia sekunde chache hadi karibu nusu dakika. Kipaza sauti kitasema imamu amerukuu, na kwenye kioo bado amesimama. Kuakisi huchelewa kidogo zaidi ya kufumba na kufumbua, lakini nako hukatika. Kwa umbali wa ukuta mmoja, vuta waya wa HDMI kutoka kwenye kamera. Ama hukumu ya kumfuata imamu kwa kutazama skrini, hilo lina mlango wake na maulamaa wamelizungumza. Hapa tunazungumzia chombo.

Jambo jingine ni kile kinachofuata darsa ikiisha. Televisheni ikishaelekezwa YouTube haisimami. Inachagua video nyingine na kuendelea, na mara nyingi wazee wameshasinzia na watoto ndio waliobaki wanaangalia. Zima uchezaji wa kujiendesha kwenye akaunti, na uuangalie pia kwenye programu ya televisheni yenyewe, kwani kuuzima kwenye simu si lazima kuuzime na kule.

Na msivitupe vifaa haraka vikigoma. Mwezi Machi 2025 Chromecast za toleo la pili, zilizotoka mwaka 2015, ziligoma kwa siku kadhaa kwa sababu cheti cha usalama kilichomo ndani yake kiliisha muda. Walionunua kifaa kipya wiki ile walipoteza fedha, kwani Google walituma marekebisho na vya zamani vikarudi kufanya kazi. Lakini ukitaka kuitoa televisheni yako, iwe kwa kuiuza au kuipa madrasa, usiichomoe tu ukutani. Ndani yake mna akaunti yako ya barua pepe, orodha ya yote uliyoyatazama na yote uliyoyatafuta, na neno la siri la waifai ya nyumbani. Ingia kwenye mipangilio, chagua kuirudisha ilivyotoka kiwandani, na usubiri mpaka iwake tena ikikuuliza lugha kama vile haijawahi kukuona. Hapo iko tayari kuchukuliwa.