Urani, Chuma na Visima vya Same

Milima ya Pare, inayopita katika wilaya za Mwanga na Same mkoani Kilimanjaro, imejengwa kwa miamba metamofia, yaani miamba iliyobadilishwa na joto na mgandamizo mkubwa ndani kabisa ya ardhi, na badiliko hilo, lililotokea mabara ya kale yalipogongana, linakadiriwa kuwa na umri wa takriban miaka milioni 640. Katika kina hicho miamba ilipoteza maji pamoja na sehemu ya urani yake, kwa kuwa atomu za urani ni kubwa na haziingii kwa urahisi katika fuwele za madini ya kawaida. Ndiyo maana miamba ya aina hii mara nyingi huwa na urani pungufu kuliko wastani wa sehemu ya juu ya ganda la dunia, ambao ni kama gramu 2.7 katika tani moja. Hata hivyo, kiasi kilichomo katika mwamba hakitoshi kueleza kitakachopatikana kisimani, kwani mwenye kauli ya mwisho ni maji.

Urani ina tabia mbili. Pasipo oksijeni hubaki katika hali isiyoyeyuka na kutulia ndani ya udongo, lakini inapokutana na maji yenye oksijeni hupoteza elektroni, ikashikamana na kaboneti, yaani chumvi zitokanazo na gesi ya ukaa iliyoyeyuka, na kusafiri umbali mrefu. Thori, ambayo nayo hutoa mionzi, haina uhuru huo: hukaa ndani ya chembe ngumu za monaziti na zirkoni, na ikisafiri husafiri kama mchanga. Wafua chuma wa Kipare walichota mchanga mweusi wa magnetiti katika vijito na kuuyeyusha tanuruni. Mkondo uleule unaokusanya magnetiti kwa sababu ya uzito wake hukusanya pia zirkoni na monaziti, kwa hiyo mchanga wa namna hiyo waweza kuwa na thori nyingi ilhali maji yanayopita juu yake hayana hata kidogo.

Juu milimani, kuelekea Chome na kilele cha Shengena chenye mita 2,462, mvua ni nyingi na udongo ni mwekundu kwa sababu ya oksidi za chuma, ambazo hunasa juu ya chembe zake urani, risasi, aseniki na metali nyingine zinazopimwa kwa mikrogramu. Mshiko huo hulegea udongo unapojaa maji kwa muda mrefu na kukosa oksijeni, maana hapo bakteria huitumia oksidi ya chuma badala yake, chuma kikayeyuka, na kilichokuwa kimenaswa, kama aseniki, kikaachiwa.

Chini, Same mjini na Makanya, milima huzuia pepo zenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi, jua hukausha maji na kuacha chumvi, na jasi huchimbwa. Hapa kemia inageuka kwa namna ya kushangaza kidogo: kalisi inayotoka katika jasi huizuia floraidi, kwa kuungana nayo na kuiweka chini kama madini yasiyoyeyuka, lakini kalisi hiyohiyo, ikiungana na urani na kaboneti, huifanya urani ing'ang'anie majini badala ya kushikwa na udongo. Mfano wa urani iliyosafirishwa na maji uko Bahi na Manyoni, katikati ya Tanzania, ambako maji ya ardhini yaliichukua urani kutoka katika miamba ya matale na kuilundika kwenye mabonde yasiyo na mkondo wa kutokea.

Shirika la Afya Duniani limependekeza kikomo cha mikrogramu 30 za urani katika lita moja ya maji ya kunywa, na msingi wake ni madhara ya kikemia kwa figo, wala si mionzi, kwa kuwa urani ya kawaida huhitaji takriban miaka bilioni 4.5 ili nusu yake ioze. Upimaji wenyewe hudai uangalifu unaopuuzwa mara nyingi: maji ya kisima kirefu yakitiwa chupani bila kuchujwa na kuongezwa asidi papo hapo, chuma chake hukutana na hewa, kikageuka kutu ya kahawia na kuvuta metali nyingine hadi kwenye kitako cha chupa, na maabara ikipima maji ya juu pekee huyakuta safi kuliko yalivyotoka ardhini.