DAWA YA NINI?

Mtoto mmoja wa Butembo alitumwa dukani na mama yake: «Nenda, ulete dawa.» Alipofika, mwenye duka akamwuliza: «Dawa ya nini, mwanangu?» Mtoto akanyamaza. Hakujua kwamba neno lile dogo limebeba mizigo mingi.

Neno dawa lilitoka kwa Waarabu. Hospitalini ni kitu cha kumponya mgonjwa. Kwinini ni dawa ya malaria. Hutoka katika gome la mti, na miti hiyo imepandwa katika milima ya Kivu tangu wakati wa Wabelgiji. Ni chungu sana, lakini inaponya.

Huko shambani mambo ni mengine. Mkulima wa Lubero hupuliza dawa juu ya majani ya viazi ili yasioze. Dawa hiyo ni sumu kwa mtu. Ole wake anayeitia katika chupa ya limonadi! Mtoto akisikia tu kwamba ni dawa, aweza kuinywa akitaka kupona kikohozi.

Tarehe 1 Agosti 2018 ilitangazwa kwamba Ebola imeingia Mangina, karibu na Beni. Ilifika Butembo pia, ikaua watu zaidi ya 2.200 kabla ya kwisha mwezi wa Juni 2020. Siku zile watu waliwekewa maji ya klori milangoni. Hiyo ni dawa ya kuua virusi mikononi, wala si ya kunywa. Tena watu wazima wa afya walichomwa sindano. Mbona mzima apewe dawa? Sindano ile ilikuwa chanjo. Chanjo haimponyi mgonjwa; huufundisha mwili kupigana na ugonjwa kabla haujaingia. Dawa ya wagonjwa wenyewe ilikuwa bado inatafutwa. Kuanzia Novemba 2018 waganga walizipima dawa 4, na Agosti 2019 ilionekana kwamba 2 kati yake zinashinda nyingine. Moja ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola huko Kikwit mwaka 1995.

Hata vita vina dawa yake. Mwaka 1905, kusini mwa Tanzania ya leo, Kinjikitile aliwapa watu maji ya dawa ili risasi za Wadachi zigeuke maji. Mwaka 1964 wapiganaji wa Simba, katika Kongo ya mashariki, walitiwa dawa ya namna hiyo. Risasi hazikugeuka.

Yule mtoto alirudi nyumbani kuuliza. Mama akacheka. Alitaka dawa ya meno.