Unga wa rangi, jua la Lushoto na maji ya kunywa

Pitisha kiganja kwenye ukuta uliopakwa rangi nyeupe miaka mingi iliyopita, upande unaopigwa na jua. Kitatoka na unga. Sisemi chokaa, ambayo huacha unga tangu siku ya kwanza. Nasema rangi ya dukani, ile ya ndoo. Mwenye nyumba atasema rangi imechakaa. Mkemia atakwambia kwamba chembe nyeupe zilizomo ndani ya rangi hiyo, zikisaidiwa na jua na unyevu, zimekuwa zikiila gundi iliyozishikilia ukutani.

Chembe hizo ni dioksidi ya titani, ile ile inayotiwa kwenye losheni za kukinga jua. Ni semikondakta: haipitishi umeme kirahisi kama waya wa shaba, wala haiuzuii kabisa kama mpira. Elektroni zake hutulia mpaka zipigwe na mwanga wenye nguvu ya kutosha, na mwanga huo ni miale ya urujuanimno, isiyoonekana kwa macho. Elektroni ikipigwa huruka, na pale ilipotoka hubaki tundu. Tundu lina njaa ya elektroni. Huyanyang'anya maji yanayogusa chembe, na hapo huzaliwa radikali ya haidroksili, kitu kikali kisichochagua cha kushambulia. Ile elektroni iliyoruka nayo hudakwa na oksijeni iliyoyeyuka majini, na oksijeni hiyo hugeuka kuwa kali pia. Bakteria hutobolewa ngozi. Masalia ya viuatilifu hukatwa vipande, na muda ukitosha hubaki kaboni dioksidi, maji na chumvichumvi. Chembe yenyewe haipungui, ndiyo maana huitwa kichocheo.

Yote hayo hutokea juu ya uso wa chembe tu. Radikali haiishi muda wa kutosha kusafiri mbali, kwa hiyo kinachotakiwa ni uso mpana. Gramu moja ya unga laini sana ina uso wa mita za mraba 50 hivi, sawa na sakafu ya nyumba ndogo. Hata hivyo hasara ni kubwa: elektroni nyingi hurudi kwenye matundu yao ndani ya sehemu ndogo mno ya sekunde, kabla hazijafanya kazi yoyote.

Wajapani Akira Fujishima na Kenichi Honda ndio walioifanya dunia ya sayansi igeuke kutazama. Mwaka 1972 walieleza jinsi dioksidi ya titani iliyomulikwa ndani ya maji ilivyoyapasua maji hayo kuwa haidrojeni na oksijeni. Wengi waliota nishati ya bure. Kusafisha maji kulifuata baadaye.

Sasa tupande Lushoto, kwenye milima ya Usambara, mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Miale ya urujuanimno huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000, kwa hiyo siku ya anga safi Lushoto hupata zaidi kuliko Tanga mjini. Tatizo ni hiyo siku ya anga safi. Anayeijua Magamba, huko huko Lushoto, mwezi wa Julai anaujua ukungu wake.

Njia rahisi ya kulitumia jua haihitaji kichocheo chochote: chupa ya plastiki angavu, maji yasiyo na tope, saa sita juani, au siku mbili mfululizo mawingu yakitanda. Kajiado, Kenya, ilijaribiwa kwa watoto 206 wa Kimasai, na matokeo yakachapishwa mwaka 1996. Walioanika chupa zao juu ya paa waliharisha kidogo kuliko walioziweka ndani, ingawa tofauti haikuwa ya kushangaza. Kajiado lakini kuna joto, na maji yakifika nyuzi 50 joto nalo husaidia kuua vijidudu. Kwenye baridi ya Usambara usilitegemee hilo. Miale itafanya kazi peke yake.

Kuchemsha kunaua vijidudu vizuri, ila kunakula kuni kwenye milima ambayo misitu yake imekwisha kumegwa vya kutosha. Na kuna jambo ambalo sufuria haiwezi. Lushoto ni nchi ya kabichi, nyanya na karoti, na pampu ya mgongoni ya kunyunyizia viuatilifu hupita kwenye mabonde yale yale yanayopitisha vijito. Viuatilifu vingi haviondoki kwa kuchemsha. Hapo ndipo kichocheo cha mwanga kinaponivutia kuliko njia nyingine, maana hakiishii kwenye vijidudu.

Mbona basi hakiko madukani? Unga ukishachanganywa na maji ni lazima utolewe kabla ya kunywa, na kuchuja chembe ndogo kiasi hicho ni kazi ngumu. Ukiubandika kwenye kioo ili usizagae, unapoteza sehemu kubwa ya ule uso mpana. Miale unayoihitaji nayo ni asilimia 5 hivi tu ya nguvu ya jua. Kwa hiyo asije mtu akatia rangi kwenye ndoo ya maji.

Malighafi haiko mbali. Mchanga mzito wa pwani ya Tanga, eneo la Tajiri, una madini ya titani, na Kwale, ng'ambo ya mpaka, madini hayo yalichimbwa tangu 2013 hadi mwishoni mwa 2024.

Lakini Msambaa anakanyaga semikondakta nyingine kila siku. Wekundu wa udongo wake ni oksidi za chuma, na mojawapo, hematiti, hunasa hata mwanga unaoonekana, si urujuanimno pekee. Ni mvivu tu: elektroni zake hurudi kwenye matundu upesi mno, na maabara mbalimbali duniani zinajaribu kuitandaza iwe nyembamba sana ili zisiwahi kurudi. Ndani ya chupa, udongo huo kwa sasa unaziba mwanga. Simamisha chupa iliyojaa juu ya gazeti hili, tazama chini kupitia mdomo wake. Usipoweza kusoma kichwa cha makala, yaache maji yatuame, uyachuje kwa kitambaa safi, ndipo uyapandishe juu ya bati.